Tui limekatika, mayonesi imeachia: angalia ngozi ya tone kabla hujaongeza gamu

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti hapa Tanga, wawili wa Ngamiani, mmoja Makorora na mmoja yuko Muheza anatengeneza juisi ya machungwa, wote wanasema bidhaa yangu imekatika niongeze nini. Ukimuuliza imekatikaje anakwambia imekatika tu. Hapo ndo kosa linapoanzia jamani, maana "kukatika" sisi tunaliita jina moja ila ni magonjwa kama matatu hivi, na dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Na mimi nimelipa gharama ya kutolijua hilo. Nilikuwa na oda ya chupa 36 za tui kwa duka la Raskazone, tui langu la kawaida lilikuwa linapanda krimu juu baada ya masaa machache, muuzaji wa duka moja la malighafi akaniambia dada weka zanthani, ule unga wa gamu wa kufanya kinywaji kiwe kizito, kijiko kidogo kimoja kwa ndoo litatulia. Nikaweka. Kabla hata sijamaliza kufunga vifuniko chini ya chupa za mwanzo nikaona maji mepesi kama ya kuoshea mchele, juu limekaa donge jeupe, yaani limejitenga haraka na vizuri kuliko tui ambalo sijaliwekea kitu. Nikadhani zanthani imechakachuliwa. Haikuchakachuliwa, ilikuwa inafanya kazi yake na mimi ndo niliweka kiasi kibaya kuliko vyote, kwamba ningeweka sifuri ingekuwa bora na ningeweka mara sita ingekuwa bora pia. Nitalieleza hilo kwa urefu maana ndo linaua biashara za watu wengi.

Kwanza ujue unachokishika. Tui ni matone madogo ya mafuta yanaelea kwenye maji, na kila tone limevaa ngozi nyembamba ya protini ya nazi. Mayonesi ni hivohivo ila ngozi inatoka kwenye kiini cha yai, protini pamoja na lesithini. Krimu ya maziwa hivohivo. Sasa matone yanaweza kukufanyia mambo matatu: yanaweza kupanda juu kila moja peke yake na ngozi yake nzima, yanaweza kushikana yakawa mafungu huku kila tone bado lina ngozi yake, au ngozi inachanika na matone yanaungana yanakuwa mafuta. Kupanda, kushikana, kuungana. Mawili ya kwanza yanarudishika mara nyingi, la tatu ukifika hapo hakuna gamu itakayokusaidia.

Na kabla ya yote nusa na pima. Tui bichi lina pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) kama 6, joto letu la pwani likae mezani nusu siku bakteria wameshatengeneza asidi na limekatika lenyewe. Likinuka uchachu hilo limeoza, mwaga, usiliokoe kwa kitu chochote.

Jinsi ya kujua una ugonjwa gani

Huhitaji hadubini, ingawa ukipata ya kuazima kwenye maabara ya shule utafurahi. Chukua glasi tatu, kila moja weka kijiko cha bidhaa yako. Ya kwanza ongeza maji ya kawaida ujaze, koroga taratibu. Ya pili maji na tone la sabuni ya maji ya vyombo. Ya tatu maji ya vuguvugu, kama nyuzi 40 hivi, acha dakika kumi.

Ya kwanza ikiwa nyeupe moja kwa moja haina chembe, basi matone yako ni mazima, yalikuwa yamepanda tu au yalisukumwa pamoja bila kugandana. Ikibaki na chembe lakini ile ya sabuni ikawa laini, basi kuna kitu kinayashikilia kwenye ngozi, protini imegandana au gamu imeyafunga matone mawili mawili. Ukiona macho ya mafuta yanang'aa juu, hasa kwenye glasi ya vuguvugu, ngozi zimeshachanika. Mwaga glasi zote, usirudishe kwenye ndoo, hasa ile ya sabuni.

Krimu juu, maji chini, ukitikisa linarudi

Huo ni ugonjwa mdogo kuliko yote na kwa tui la kukamua kwa kifumbu ni kawaida. Lita ya mafuta ya nazi ina uzito kama gramu 920, lita ya maji 1000, lazima yapande. Kasi ya kupanda inafuata ukubwa wa tone kwa mraba, mwanasayansi Stokes alishaliandika hilo 1851, tone lenye upana mara mbili linapanda mara nne. Kwa hiyo dawa ni kupunguza ukubwa wa matone, blenda kali, au homojenaiza, ile mashine ya kupasua matone, kama unayo.

Lakini angalia hapa. Ukilipasua tone likawa nusu ya upana, mafuta ni yaleyale ila eneo la ngozi linalotakiwa limekuwa mara mbili, na protini ya nazi ni chache na sio hodari sana kwenye kazi hii. Ngozi ikikosa kitambaa matone yanagawana, protini moja inakaa kwenye matone mawili kwa wakati mmoja, na hapo umetoka kwenye kupanda umeingia kwenye kushikana. Ndo maana mtu analeta mashine ya hela nyingi alafu tui linakuwa na chembe kuliko la mkono. Ongeza protini kabla ya kupasua, mimi natumia kaseinati ya sodiamu gramu 100 kwa lita 10, yaani asilimia 1, naiyeyusha kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Andika kwenye lebo kwamba kuna protini ya maziwa, kuna watu inawadhuru.

Umeweka gamu kidogo na limejitenga haraka kuliko mwanzo

Hili ndo langu la chupa 36.

Fikiria uwanja una mapipa mawili matupu ya kuviringisha na watoto hamsini wanakimbia huku na huku wanayagonga. Mapipa yakiwa mbalimbali yanagongwa pande zote, hayaendi popote. Siku yakisogeleana mpaka nafasi ya katikati haimuingizi mtoto, basi ndani hakuna anayegonga, nje wanagonga wote, mapipa yanasukumwa yanabanana na hayaachani tena mpaka watoto waondoke. Mapipa ni matone yako, watoto ni nyuzi za zanthani. Zanthani haishiki kwenye ngozi ya protini kwenye tui la pH 6, zote zina chaji hasi zinakataana, kwa hiyo inabaki inazurura kwenye maji, na uzi wake ni mkubwa haupiti kati ya matone yaliyokaribiana. Wajapani wawili, Sho Asakura na Fumio Oosawa, ndo waliolipigia hesabu jambo hili 1954. Matone yanabanwa yanakuwa mafungu makubwa, na fungu kubwa linapanda kama tone kubwa, sasa rudi kwenye ile mara nne utaelewa kwa nini dakika chache tu zilitosha.

Kiasi kibaya ni kile cha "kijiko kidogo". Gramu 5 kwenye lita 10 ni asilimia 0.05, hapo watoto wapo wa kutosha kusukuma ila maji bado ni mepesi hayazuii kitu kupanda. Ukifika gramu 25 mpaka 30 kwa lita 10 msukumo bado upo tena mkubwa zaidi, ila sasa nyuzi zimeshakuwa wavu mzito, mafungu yanataka kupanda yanakwama. Yaani hujaponya ugonjwa umeufunga kamba, na kwa chupa ya kukaa wiki mbili kwenye friji inatosha kabisa. Guwa na CMC, gamu nyingine hizo, kwenye tui ni hadithi hiyohiyo, viwango tu vinatofautiana, jaribu kwenye vichupa vidogo kuanzia chini mpaka juu usikisie.

Dalili yake kwenye glasi: ile ya maji matupu inakuwa nyeupe safi, maana ukiongeza maji watoto wametawanyika na mapipa yameachiana. Kwa hiyo bidhaa hiyo haijafa. Zile chupa zangu ningeweza kuzirudisha ndooni siku ileile, nikaongeza zanthani iliyochanganywa na mafuta kidogo ili isifanye madonge, nikapiga upya. Nilizimwaga zote, na hilo bado linaniuma.

Tabaka mbili na zote ni maji

Hii inawapata zaidi wanaotengeneza vinywaji vya maziwa na krimu za keki. Unakuta chini nyeupe juu kama maji ya kijivu, au kinyume, lakini ukipaka kidoleni hakuna tabaka lenye mafuta matupu. Hapo sio mafuta yamekimbia maji, ni maji yamekimbiana na maji. Protini na gamu zikizidi kwenye chungu kimoja hazipendi kukaa pamoja, zinagawana maji, huku maji yenye protini huku maji yenye gamu. Mholanzi Beijerinck aliliona kwa jelatini na wanga 1896, alichanganya akapata vitone vya maji ndani ya maji.

Na matone ya mafuta yanakwenda wapi? Yakiwa yamevaa protini yanaelekea upande wa protini, ndo maana upande mmoja unakuwa mweupe sana, na mengine yanakaa palepale mpakani kati ya maji mawili. Ukitikisa linachanganyika, ukiacha saa moja linarudi kujitenga. Dawa ni kupunguza kimoja, na wengi wanaongeza vyote viwili. Punguza gamu kwa nusu kwanza uone. Kama unahitaji uzito ule basi ongeza gamu mpaka igande kidogo kama jeli kabla haijapata muda wa kujitenga.

Chembe chembe baada ya ndimu, ukwaju au siki

Hapa bibi zetu wanajua matokeo tangu zamani, ndimu kwenye mchuzi wa nazi inawekwa mwisho umeshaepua. Sababu ni chaji. Ngozi ya protini ina chaji hasi kwenye pH 6, matone yanakataana kwa sababu hiyo, ukishusha pH chaji inapungua mpaka inafika sifuri, kwa protini za nazi ni karibu na 4, kwa kaseini ya maziwa ni 4.6. Hapo hakuna kukataana tena, wanashikana. Ukivuka chini zaidi chaji inakuwa chanya na wanaachana tena ila mara nyingi madonge yameshakaa.

Anayetaka tui la ukwaju la kwenye chupa, au maziwa ya matunda, atumie pektini, gamu inayotoka kwenye matunda, ile aina ya methoksili nyingi. Pektini ina chaji hasi, na ukishusha pH chini ya pale chaji inapokuwa sifuri ngozi ya protini inakuwa na chaji chanya, pektini inaganda juu ya ngozi kama koti la pili, na koti hilo linayafanya matone yakataane upya. Inapendeza sana ikikubali, kinywaji kinakaa wiki hakina chembe.

Ila pektini ikiwa chache ni maafa. Uzi mmoja haujapata washindani, mkono mmoja umeshika tone hili mkono mwingine umeshika tone lile, yote yanafungwa shada. Kwa hiyo mtu anaweka gramu 5 anaona chembe, anasema pektini haifai, kumbe alitakiwa aweke 30 au 40 kwa lita 10. Na mpangilio ni muhimu kuliko hata kipimo: mafuta na protini upige kwanza bila asidi, alafu pektini iliyokwisha kuyeyuka kabisa mimina yote kwa mkupuo huku unakoroga kwa nguvu, alafu ndo asidi taratibu taratibu. Ukianza na asidi umechelewa. Kijana mmoja aliniambia "shangazi mbona nimefuata vipimo vyako vyote", nikamuuliza ulianza na nini, kumbe ukwaju ulikuwa ndooni tangu asubuhi.

Kuna na dalili nyingine hapahapa, chini ya chupa kunakaa kitu kinanata kama ulimbo, sio chembe, ni kizito kinavutika. Hiyo ni protini iliyobaki kwenye maji bila kupata tone la kuvaa, imekutana na gamu yenye chaji kinyume wakafanya kimiminika chao kizito wakazama. Bungenberg de Jong na Kruyt walikipa jina 1929, koasaveti, kwa jelatini na gamu arabika. Kikikutana na tone la mafuta kinaweza kufanya moja kati ya mawili, kitandaze kote sawasawa kama siagi kwenye mkate wa moto, au kijikunyate upande mmoja kibaki kibonge huku upande mwingine wa tone uko wazi. Kutandaa au kujikunyata kunategemea mivutano ya nyuso tatu, mafuta na maji, mafuta na koasaveti, koasaveti na maji. Wanaofungia manukato kwenye vidonge vidogo wanatafuta kile cha kutandaa. Sisi wa vinywaji hatukitaki kabisa, na dawa yake ni kupunguza protini iliyozidi, sio kuongeza gamu. Chumvi kidogo inailegeza pia lakini inalegeza na lile koti zuri la pektini, kwa hiyo kuwa makini.

Umebadilisha kitu kidogo tu, maji

Mapishi yaleyale, nazi zilezile, jana yamekubali leo yamekataa. Uliza maji. Kisima cha karibu na bahari, kuanzia Sahare mpaka Mwambani huko, kinaweza kuwa na chumvi unayoisikia kwenye ulimi na kalsiamu usiyoisikia. Chumvi inafifisha chaji, matone yanakaribiana, na kalsiamu inafunga kaseinati na pektini za aina fulani moja kwa moja. Mimi natumia ya bomba yaliyochemshwa, au ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa. Hilo tu liliwahi kumaliza tatizo la mtu aliyekuwa anabadilisha gamu miezi minne.

Macho ya mafuta juu

Ngozi zimechanika, na sababu za kwetu ni chache.

Moto. Protini za nazi zinaanza kuganda kwenye kama 80, ukichemsha kwa fujo bila kukoroga zinaganda kwa mabonge na kuacha mafuta uchi. Pasha 72 kwa dakika kadhaa huku unakoroga, kama ni la friji inatosha.

Baridi na mtikisiko. Hii watu hawaitegemei. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya 24 au 25, kwa hiyo mezani ni maji na kwenye friji ni jiwe. Yakiwa nusunusu, fuwele zinatoboa ngozi zinachungulia nje, tone likigongana na jirani fuwele inaingia kwa mwenzake na wanaungana, hivohivo ndo siagi inavyopatikana. Sasa wewe unatoa tui kwenye friji, unalifunga na barafu, bodaboda inapita matuta yote kutoka Ngamiani mpaka Raskazone. Umelisukasuka kama maziwa ya mtindi. Likifika na likapata joto mafuta yanakaa juu na mteja anakupigia, "dada hili tui lako lina mafuta juu ni la zamani?" Ama upeleke likiwa la kawaida asubuhi mapema moja kwa moja mpaka friji ya mteja, ama uligandishe kabisa lisitikisike na aliyeyushe mwenyewe kwa kupikia.

Na emalsifaya, yaani kemikali za kushikanisha mafuta na maji. Watu wanaweka Tween 80, mojawapo ya hizo, juu ya protini wakidhani wanaongeza nguvu. Molekuli zake ni ndogo, zinaingia kwenye vitundu vya ngozi zinafanya visiwa, visiwa vinakua, protini inasukumwa inakunjamana kuwa nene kati ya visiwa mpaka inakatika na kudondoka majini. Watafiti wa Norwich Uingereza walipiga picha visiwa hivyo 1999. Kwa aiskrimu inatakiwa hivyo, mafuta yaungane kidogo yashike hewa. Kwa tui la kusafiri ni hasara, na ile pektini uliyoivika juu ya protini inaondoka nayo. Chagua moja, protini au Tween.

Mayonesi na juisi kwa ufupi

Mayonesi ikiachia sababu kubwa ni mafuta kumiminwa haraka mwanzoni, kiini hakijapata muda wa kuvisha matone. Au mafuta yamepita asilimia 80, matone hayana pa kukaa. Weka kiini kipya kwenye bakuli safi na kijiko cha maji, uimimine ile iliyoachia tone kwa tone kama mafuta. Usiigandishe kwenye friza.

Yule wa Muheza mwenye pete ya rangi ya chungwa shingoni mwa chupa, hiyo ni mafuta ya ganda. Yanayeyuka kidogo kwenye maji, kwa hiyo yanahama kutoka matone madogo kwenda makubwa hata ngozi ikiwa nzima, makubwa yanakua yanapanda. Changanya mafuta ya ganda na mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kabla hujayapiga na gamu arabika, yale mazito hayahami na yanamzuia mwenzake.

Ukibadilisha chochote toa chupa tatu. Moja iache mezani masaa sita, moja friji siku saba, ya tatu mpe bodaboda azunguke nayo asubuhi nzima ikiwa ya baridi. Alafu zile glasi tatu, kwa kila chupa, na uandike gramu na pH na kipi kilitangulia kuingia ndooni.